Mzee Aliyetoa Ardhi kwa Moyo Mkunjufu

Nkirote, mwanangu,

Mama yako yuko jikoni anakufungia nduma na ndizi utadhani huko Pwani watu wanakula mchanga, na wewe umeenda kuwaaga shangazi zako. Najua hutarudi kabla jua halijashuka, kwa maana shangazi zako hawajui kuaga kwa ufupi. Basi nimekaa hapa kwenye veranda na daftari lako la zamani la chuo, na kalamu inayoandika ikitaka. Usishangae kwamba nimeandika kwa Kiswahili. Kimeru nimekizoea kwa kukugombeza, na Kiingereza ni chako na wenzako. Kiswahili nilijifunzia Majengo nikiwa kijana, nilipokuwa napanga chumba nyuma ya msikiti na kukata nyama kwa mwenye bucha ambaye hakuvumilia mtu aongee naye bila heshima. Mpaka leo ndiyo lugha ninayoishika nikitaka kusema jambo kwa adabu.

Habari za neti ya mbu, na kula kwa wakati, na kutotembea peke yako wakati wa kampeni, nimemwachia mama yako. Mimi nina mambo mawili tu. La kwanza ni kwamba katika hotuba yako ya Jumapili kuna sentensi moja ambayo si kweli, na kosa ni langu, si lako. La pili ni kwamba Mzee M'Ikiara ameniomba kile kipande chako cha shamba kule mtoni, na sijamjibu. Kipande ni chako, kwa hiyo jibu ni lako. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujaamua, na kama ni lazima ukasirike, basi kasirika ukiwa umeketi.

Lakini wacha nianze na furaha yangu, maana nisipoisema utafikiri barua hii ni ya lawama. Uliponiambia kwamba unataka kugombea uwakilishi wa wodi huko Pwani, nilikasirika siku tatu. Nilisema, sisi watu wa bara tunaenda Pwani kuoga bahari na kurudi, huyu anaenda kuomba kura! Ukanijibu, "Baba, nimezalisha nusu ya watoto wa ile wodi. Mama zao ndio wananituma. Ningekuwa nasubiri wale watoto wakue wanipigie kura, ningezeeka." Nilicheka nikiwa bado nimekasirika, na mtu akishacheka hasira haina tena mahali pa kukaa. Wewe umebeba jina la mama yangu, na yeye pia alikuwa hivyo. Ungemfungia mlango akapita jikoni.

Jumapili, baada ya mchungaji kukuombea hapa nyumbani, ukasimama mbele ya majirani na kuisoma ile karatasi yako ya mambo saba. Nilijisikia vizuri, Nkirote, sitaficha. Nilikaa kwenye kiti changu kama mtu aliyejengewa nyumba. Ulisema juu ya hati za ardhi kwa watu wanaoitwa maskwota kwenye mashamba ya babu zao wenyewe, na wazee wa hapa, ambao wanaelewa ardhi kuliko wanavyoelewa Biblia, wakaguna wote kwa kukubali. Ulisema visima vimegeuka chumvi na watoto wananunuliwa maji matamu kwa mtungi. Ulisema mikoko isikatwe ovyo, kwa sababu samaki wanazaliwa kwenye mizizi yake, na jirani yetu Baba Mwenda akauliza kama mikoko inazaa matunda ya kuuza. Ulisema juu ya zahanati kufunguliwa usiku, kwa kuwa uchungu wa uzazi hausubiri saa za kazi. Yote hayo ulisema bila kumtukana mtu yeyote. Mimi nikigombea nilikuwa nawatukana watu watatu kabla ya kusalimia.

Halafu ukafika mwisho, ukasema, "Mimi ni binti wa mtu aliyeleta maji hapa. Babangu alimwendea mzee mmoja, akamwomba, na yule mzee akatoa ardhi yake kwa moyo mkunjufu. Hivyo ndivyo mabadiliko yanavyokuja." Watu wakapiga makofi. Na M'Ikiara, ambaye alikuwa ameketi safu ya pili karibu na tangi la mvua, naye akapiga makofi.

Yule mzee wa kwenye hotuba yako ni yeye. Wewe hukujua. Hadithi ya moyo mkunjufu niliitunga mimi mwenyewe zamani, nikaisimulia hapa nyumbani mara nyingi mpaka nikaanza kuiamini.

Sasa nikwambie ilivyokuwa. Nilikuwa diwani, na wewe ulikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Nilikuwa nimeahidi kwamba kabla ya kipindi changu kwisha maji yatakuwa yanafika kwenye nyumba za watu, kwa bomba, na wanawake hawatashuka tena bondeni na mitungi. Mabomba yalikuja. Fundi wa mradi akasema tangi linaweza kukaa mahali pawili tu. Pa kwanza ni ule mgongo wa kilima wa mwalimu fulani, mtu mkaidi ambaye angetaka mikutano na maandishi na mawakili. Pa pili ni kipande cha juu cha shamba la M'Ikiara.

Gichiaro unaijua kwa kusikia, kwa sababu ulikulia bwenini. Ukoo wetu na ukoo wa M'Ikiara ni ndugu wa gichiaro tangu mababu walipokula kiapo. Mtu wa gichiaro hunyimwi naye na wewe humnyimi. Akikuomba mbuzi, unafungua kamba. Humdanganyi, humpigi, na ukimtoa machozi, kitakachokupata umekitafuta mwenyewe. Lakini kwa sababu ya nguvu hiyo, wazee wetu walikuwa na adabu moja ambayo hakuna aliyekaa chini kutufundisha, tuliiona tu wakiitenda. Kama kitu kitamuumiza mwenzako kukitoa, humwombi. Unapita mbali na mlango wake.

Mimi sikupita mbali. Nilienda asubuhi, na mashahidi wawili, na fundi na ramani yake. M'Ikiara alikuwa anachimba nduma. Sikumuuliza kama ana mpango wowote na pale juu. Sikumuuliza kitu. Nilisimama mbele ya mashahidi nikasema, "Ndugu yangu, nakuomba pale juu niweke tangi."

Alipangusa jembe lake kwa nyasi, pole pole, pande zote mbili. Kisha akaniuliza, "Umeniomba kama diwani, ama kama gichiaro?"

Mwanangu, kama ningesema kama diwani, angekataa. Nilijua, na yeye alijua kwamba najua. Nikasema, "Kama gichiaro."

"Basi chukua," akasema, akarudi kwenye nduma zake.

Pale juu alikuwa amemwekea Mutwiri, mtoto wake wa pili, ajenge akioa. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba sikujua. Leo naandika, na karatasi hainitazami, kwa hiyo niseme ukweli: nilikuwa nimesikia. Mutwiri alipooa hakuwa na pa kuweka nyumba, akaenda Ruiri kuchunga ng'ombe za watu, baadaye akakodi shamba huko. Watoto wake wamezaliwa huko na kukua huko. Hapa wanapajua kama mahali pa kuja mazishini.

Maji yalikuja, na ni mazuri mpaka leo. Hilo nalo lielewe vizuri, kwa sababu mtu anaweza kusoma barua hii akafikiri namkataza mwanangu kufanya kitu. Wewe mwenyewe hukuwahi kushuka bondeni na mtungi mgongoni. Mama yako anasema mgongo wake ulipona mwaka ule. Siombi msamaha kwa ajili ya maji. Naomba kwa ajili ya asubuhi ile, na mashahidi wawili niliowaleta ili mtu asipate nafasi hata ya kusitasita.

Na M'Ikiara aliniadhibu, tena kwa njia ambayo sijawahi kumwambia mtu. Alikuwa na haki ile ile niliyotumia mimi. Angeweza kuniomba ng'ombe, shamba, chochote, na nisingekataa. Hakuniomba hata kiberiti. Alinisalimu vizuri, alikuja kumzika mama yangu, alikunywa chai yangu na kusifu sukari. Mwaka ule upepo ulipong'oa paa la nyumba yake, alizunguka kuazima mabati kwa watu ambao hana nao kiapo chochote, akayapitisha mbele ya geti langu, na akanipungia mkono. Mimi nilikuwa na mabati nyuma ya zizi. Nilimpelekea jioni ile, akasema, "Asante, lakini yametosha." Niliyarudisha nyumbani nikiwa nimeyabeba kichwani, na hakuna mzigo umewahi kunielemea kama ule.

Huwa unaniuliza kwa nini sikugombea tena. Nimekujibu kwamba siasa ni chafu. Jibu zuri hilo, watu hulikubali haraka. Kweli ni kwamba kila nilipofungua kinywa kusema "naomba", nilimwona mtu anapangusa jembe. Niliona aibu, Nkirote, na aibu hiyo sijaimaliza.

Sasa nirudi kwenye karatasi yako, jambo lile uliloliweka la kwanza, soko jipya la samaki. Unakumbuka nilipokuja kukuona mwaka jana ulinipeleka kwenye ule mkutano chini ya banda la makuti. Ukawaeleza mama karanga, wale kina mama wanaokaanga samaki, kwamba watatoka pale ufukweni wanapokaangia samaki kwenye moshi na mchanga, wahamie kwenye jengo lenye sakafu ya saruji, maji ya bomba na mashine ya barafu, kule barabarani. Ukauliza nani anakubali. Mikono yote ikainuka. Ukaniangalia, macho yanang'aa. Njiani ukaniambia, "Umeona, Baba? Hiyo ndiyo public participation, wananchi wenyewe kuamua. Hakuna hata mtu mmoja amepinga!"

Kesho yake ulienda kazini, mimi nikateremka ufukweni kununua samaki. Nikakaa na Bi Mwanaisha, yule mama mwenye karai kubwa. Tuliongea sana, alifurahi kuona Mmeru anayejua kusema shikamoo bila kung'ata ulimi. Nikamuuliza kama amelipenda lile soko.

"Soko zuri, mashallah," akasema.

"Na utahamia?"

Akageuza samaki wake mmoja mmoja mpaka wakaisha. Kisha akaniambia, "Baba Nkirote, mwanao kanizalishia binti yangu. Damu yamtoka, gari hakuna, kamshika mkono mpaka asubuhi. Leo asimame mbele za watu aniulize wataka ama hutaki, nami nimwambie sitaki? Nna haya mimi."

"Kwani hutaki?"

"Kule barabarani mashua hazifiki. Samaki akifika kule keshapita mikono mitatu, na kila mkono wataka chake. Hapa namngoja mvuvi mwenyewe, natia miguu majini, nachagua. Lakini usimwambie. Atavunjika moyo, naye atutakia mema."

Sikukwambia. Hilo ni kosa langu la pili, na hili ni la mwaka jana tu, sina kisingizio cha ujana. Ulikuwa na furaha, na mimi nilikuwa mgeni wako, na samaki walikuwa watamu. Nikajiambia utagundua mwenyewe. Jumapili nikaliona tena, limepanda mpaka nambari moja, na chini yake umeandika kwamba wakazi wote wanaunga mkono.

Watu wa Pwani hawana gichiaro. Wana wewe. Umewakalia usiku kucha wakijifungua, umewafunga vidonda, umewazika watoto wengine ukilia pamoja nao. Ukiwaomba kitu wewe, wanaona haya kukunyima. Hao ndio watu wako, na nafikiri ndio wagumu zaidi kwako kuwauliza jambo. Mpinzani wako akileta soko, watamwambia hapana mchana kweupe, tena watamwimbia wimbo wa kumcheka.

Sikwambii uliondoe soko kwenye karatasi. Huenda mashine ya barafu inaweza kukaa pale pale ufukweni, huenda jengo likasogea kuelekea mashua. Sijui, mimi ni mtu wa ndizi. Najua tu kwamba Bi Mwanaisha yuko na jambo la kukwambia, na hataweza kulisema mkutanini. Nenda ukakae kwenye kigoda chake, bila daftari, bila kijana wa kupiga picha. Mwambie wewe mwenyewe ubaya wa lile soko kabla hajalazimika kuusema yeye. Hapo atapumua, na utasikia. Na usimwambie ni mimi nimesema, kwa sababu aliniomba nisiseme na nimemvunjia neno lake. Ikibidi aombwe msamaha, nitampigia simu mimi mwenyewe.

Mengine sita naona yako sawa. Lile la mikoko lifanye fupi kidogo, watu walianza kusinzia.

Sasa nije kwenye shamba lako. Jumatatu M'Ikiara alikuja hapa, peke yake, na fimbo yake. Mama yako akampa chai. Alipomaliza akageuza kikombe, akasema, "Mtoto wako anaongea vizuri. Amesema nilitoa kwa moyo mkunjufu."

Nikamwambia, "Amesema alivyofundishwa. Aliyemfundisha ni mimi, na nilimdanganya."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa anasubiri neno hilo kwa muda mrefu na sasa haoni haraka tena. Kisha akasema Mutwiri anarudi. Shamba alilokodi Ruiri, mwenye shamba anataka arudishiwe, na yeye M'Ikiara amegawa kote, hakuna pa kumweka. "Nakuomba pale mtoni," akasema. "Na ujue naomba kama gichiaro."

Ni mara ya kwanza, Nkirote. Tangu asubuhi ile ya tangi, ni mara ya kwanza ananiomba kitu. Nikwambie ukweli wote: moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilitaka kusema chukua kabla hajafunga mdomo. Ningelala kama mtoto.

Lakini pale mtoni nilikuonyesha wewe siku uliyomaliza chuo, mbele ya ndugu zangu waliokunja uso kwa sababu msichana anapewa ardhi. Migomba ya pale umepanda kwa mikono yako. Umesema ukizeeka utarudi ujenge pale, usikie mto. Basi nikafungua kinywa, kikasema kitu ambacho sijui kama mtu wa ukoo wetu amewahi kumwambia mtu wa ukoo wao. Nilisema, "Pale ni pa Nkirote. Siwezi kukupa kabla sijamuuliza."

M'Ikiara alinitazama. Nilifikiri atainuka aende, na kiapo cha mababu kiwe kimevunjika hapo mezani, kati ya vikombe. Badala yake alianza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka mama yako akatoka jikoni kuangalia kuna nini. Alipopata pumzi akajifuta macho.

"Kumbe mtu anaweza kuulizwa," akasema. Kisha akashika fimbo yake. "Muulize basi. Nitangoja."

Kwa hiyo nakuuliza. Ukikubali, Mutwiri atajenga pale, na wewe tutakutafutia kipande kingine huku juu, ingawa hakitakuwa na mto, na sitakudanganya kwamba ni sawa. Ukikataa, pale panabaki pako, na hakuna mtu wa nyumba hii atakayekutazama vibaya. Mambo ya laana usiyabebe. Aliyeomba vibaya ni mimi, na kama kuna kitu kinakuja, kitajua nyumba ya kupiga hodi.

Najua unavyonipenda. Najua umeshafika hapa kwenye barua na tayari unataka kusema ndiyo, ili baba yako alale. Hiyo ndiyo siitaki. Hiyo ningekuwa nimeichukua kwako kama nilivyochukua pale juu, na safari hii hata bila mashahidi. Ndiyo maana sikungoja urudi kutoka kwa shangazi zako nikuulize uso kwa uso. Barua hii naitia chini kabisa ya mkoba wako, chini ya nduma za mama yako, uikute ukishafika, kilomita zote hizo katikati yetu, mahali ambapo huwezi kuniona uso.

Kaa nayo hata mwezi mzima. Ukitaka kukataa, usinieleze sababu, andika tu neno lenyewe. Nitalipeleka kwa M'Ikiara kwa miguu yangu, nitaketi kwake, na nikipewa chai nitakunywa.

Ni mimi baba yako, ambaye kura yake haifiki Pwani.